Nyuzi Tisini na Saba

Mihambo ameingia na mfuko wa rambo,
ndani yake noti zinanuka asali.
Madumu manne, anasema, yote yameuzwa.
Nataka prosesa kubwa, dada, ile yenye namba ya mwisho,
halafu uipandishe mwendo mpaka ilie.

Nje ni Oktoba ya Tabora.
Mabati ya Isevya yanaalika kama karanga kikaangoni,
na feni yangu ya dari inazungusha hewa ileile
kama mtu anayerudia uongo hadi auamini.

Namuuliza: kioo chako ni kile cha mnada wa Ipuli?
Kile kinaonyesha picha sitini kwa sekunde.
Sitini, Mihambo. Hata ukikimiminia mia mbili,
mia na arobaini zitabaki mlangoni
kama wageni wa harusi wasio na kadi.

Na kadi yako ya picha?

Kimya.

Naijua. Feni yake moja niliifunga kwa waya mimi mwenyewe.
Prosesa itakimbia, itafika, itakaa kusubiri.
Wewe umezaliwa jirani na stesheni:
uliona lini treni ikafika
kabla ya behewa lake la mwisho?

Lakini nani amewahi kumshinda kijana kwa hesabu?
Kapalala kaongeza lake, anasema, na linaruka.
Linaruka, ndiyo.
Saa nane usiku linaruka.

Mimi nimekulia mlangoni pa bani, Sikonge.
Moto naujua. Jani la tumbaku halikaushwi kwa pupa:
unalibembeleza siku ya kwanza, linageuka njano,
ukizidisha kuni mbili, mbili tu,
linakuwa jeusi, na mnunuzi analitupia daraja la aibu.
Baba alipoteza bani zima usiku mmoja
akiwahi soko.
Simsimulii Mihambo hayo. Hakuja kumnunua baba yangu.

Basi, tunakubaliana nusu njia.
Noti zirudi mfukoni kwanza; tuichochee hiyohiyo aliyonayo.
Napaka dawa ya joto, tone kama punje ya mchele,
nakaza feni, naingia kwenye mipangilio ya ndani,
naongeza nukta moja, nukta mbili, volti kidogo,
skrini inageuka buluu, narudi nyuma,
naongeza tena.
Gigahezi nne nukta tano. Imesimama.

Tunawasha mpira.
Picha zilikuwa hamsini na mbili,
sasa ni hamsini na tano.
Tatu!
Anazihesabu kwa vidole, anacheka
kama baba aliyeitwa wodini kuambiwa ni mapacha.

Saa saba mchana, dakika ya themanini na nane,
moja kwa moja, mshambuliaji wake kabaki na kipa,
namba za pembeni zinapanda:
tisini na moja, tisini na nne,
tisini na saba,
kisha giza.
Siyo Tanesco. Taa ya dukani inawaka.
Yenyewe imejizima, kama punda aliyegoma njiani
na mzigo wa watu mgongoni.

Nimeirudishia mwendo wake wa kiwandani.
Nimemwandikia kwenye karatasi: kadi ya picha, hata ya mkononi;
kioo, msimu ujao nyuki wakijaliwa;
prosesa, usiiguse, haina kosa.
Ameondoka na uso wa mtu aliyepewa ushauri mzuri.

Sasa wewe unayesoma, usinidhanie msafi.
Nyuma ya pazia ipo mashine moja isiyo ya wateja.
Kipupwe cha Juni kinapopenya hadi kwenye bawaba za mlango,
saa tisa usiku, huketi nayo peke yangu.
Nne nukta saba.
Nne nukta nane.
Sichezi chochote. Hakuna hata mchezo ndani yake.
Naweka kiganja juu ya bati lake,
nasikiliza inavyopumua,
naongeza kuni moja.